Mwalimu Abdiel Kaaya na Chumba cha Kufuli Tatu

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ukoo wa Kaaya, majirani wa Sokon One, walimu wenzake na wanafunzi wa marehemu, wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba kwa pamoja.

Kabla historia haijasomwa, familia imeagiza kwamba msomaji wenu, Aristides Massawe, kaka wa mjane, dereva, mtu wa Kibosho aliyekula vumbi la nchi saba na kurudi na akili ya nusu nchi, aeleze kwanza kilichompata juzi Jumapili, kwa sababu asipoeleza yeye mtaelezwa kule kwenye masufuria, na wale wataongeza chumvi.

Ilikuwa hivi. Msomaji wenu aliandika historia ya shemeji yake kwa mkono, akaipeleka Kaloleni kwenye duka la steshenari ichapwe kwa kompyuta, maana aliona haipendezi mtu aliyehangaikia kompyuta robo ya maisha yake asomewe mwandiko wa dereva, na binti wa pale akauliza swali moja tu, "Baba, marehemu ni Mlutheri au Mkatoliki?", akajibiwa ni Mlutheri, akasema, "Basi ninayo tayari, nabadilisha jina tu." Msomaji wenu akaona hayo ndiyo maendeleo yenyewe, akaenda kunywa chai, akarudi, akapokea karatasi zikiwa bado na joto la mashine, akazikunja bila kuzisoma. Jioni, mbele ya kikao cha familia, akasimama, akavaa miwani, akakohoa kama mheshimiwa, akasoma kwa sauti kwamba marehemu Abdiel Kaaya alikuwa mama mwenye huruma, mwimbaji hodari wa sauti ya kwanza, aliyejaliwa kujifungua watoto saba, wote kwa njia ya kawaida.

Mzee Loishiye, jirani yetu, aliinamia fimbo yake mabega yakitikisika, na waliokaa mbali wakadhani analia. Mjane, Mama Paskalina, alimtazama kaka yake, akauliza taratibu, "Aristides, huyo unayemzika wewe ni nani?", na msomaji wenu akajibu kwamba hata yeye ameanza kujiuliza. Mama akazichukua zile karatasi, akazipitia kwa macho, akasema, "Miaka kumi shemeji yako amekufundisha sentensi moja. Hebu iseme." Msomaji wenu akaisema, kichwa chini, kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya geti: kompyuta hufanya ulichoiambia, haifanyi ulichotaka. "Haya," akasema mama, "kaandike kwa mkono." Ndiyo maana leo mtamsikia msomaji wenu akikwama mahali, si kwa majonzi tu, ni kwamba anajaribu kujisoma.

Kikao hicho kilikuwa na jambo la pili, nalo ndilo zito. Mkuu wa shule ya kutwa ya Sakina, Mwalimu Philemoni, ambaye yupo nasi chini ya turubai la kushoto, karibu sana Mkuu, alikuja na wajumbe wa bodi kuomba ruhusa ya kuandika jina la marehemu juu ya mlango wa chumba cha kompyuta cha shule. Mama hakujibu siku ile, alisema jibu lisomwe hapa, mbele ya watu, mwishoni mwa historia, kwa sababu mtu hawezi kulielewa jibu bila kuujua ule mlango. Basi tuanze.

Marehemu Mwalimu Abdiel Mika Kaaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Poli, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mika Kaaya, mkulima wa kahawa, na Bibi Aikaeli, ambao wote wametangulia mbele za haki. Akiwa na umri wa miaka tisa aliifungua mashine ya baba yake ya kukobolea kahawa ili aone kinachoisukuma, akashindwa kuifunga, na vyuma vikabaki vimeanikwa uani kama dagaa. Mzee Mika alimchapa, kama ilivyokuwa desturi, kisha akakaa chini kando yake, akamwambia, "Sasa nionyeshe ulichokiona," na baba na mtoto wakaifunga pamoja, na marehemu alikuwa akisema kwamba somo lake la kwanza la ualimu alilipata siku ile, viboko vikiwa ni ada.

Alisoma shule ya misheni kijijini kwao kuanzia mwaka 1956, akaendelea na masomo ya kati na ya sekondari hadi mwaka 1967, akajiunga na Chuo cha Ualimu Marangu mwaka 1968 na kuhitimu mwaka 1969, akibobea katika hisabati. Pale chuoni alimkuta binti wa Kibosho aliyekuwa akisomea sayansi kimu, Paskalina Massawe, akamsogelea kwa kisingizio cha kumfundisha hesabu za sehemu, na yule binti, ambaye sehemu alikuwa akizijua vizuri kuliko yeye, akakubali kufundishwa.

Kwa desturi kazi husomwa kabla ya ndoa, lakini mtaturuhusu tuitangulize ndoa, kwa kuwa ndoa ya marehemu ilikwenda vizuri na kazi yake ndiyo yenye maneno. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973, baada ya wazee wa Kibosho kukataa Mlutheri na wazee wa Poli kukataa Mkatoliki, hadi ilipopatikana siku ambayo pande zote mbili zilionja mbege kutoka mtungi mmoja na kugundua kwamba hazikumbuki zilichokuwa zikibishania. Kwa zaidi ya miaka thelathini walitoka nyumbani pamoja kila Jumapili, wakifika njia panda mmoja alikwenda kushoto na mwingine kulia, kisha wakakutana kwenye chai na kulinganisha mahubiri. Mungu aliwajalia watoto watatu, si saba: Irine, aliyezaliwa mwaka 1975, muuguzi Mwanza, Allen, aliyezaliwa mwaka 1979, fundi wa magari hapa mjini, na Gidion, aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye yuko chuoni, pamoja na wajukuu wanne, wa mwisho akiwa Princess, aliye darasa la kwanza, ambaye kwa babu yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kufungua kila kitu, ikiwemo redio.

Kuhusu kazi, marehemu alianza kufundisha mwaka 1970 katika shule za msingi za Monduli, kisha Kisongo, kisha Ngaramtoni, na mwaka 1988, baada ya kusoma stashahada, alihamia shule ya sekondari ya kutwa ya Sakina, iliyokuwa imejengwa na wazazi wenyewe, waliobeba mawe na kufyatua matofali, katika ile miaka ya ruksa ambapo kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, mitumba, televisheni, vinywaji vya kopo, na kila mzazi alisema mtoto wake asibaki nje wakati mlango umefunguliwa. Marehemu aliyashika maneno hayo ya wazazi. Wengine tuliyasikia tu.

Mwaka 1994 msomaji wenu, ambaye wakati huo alikuwa ameacha lori kwa muda na kuendesha watalii, alimpitisha shemeji yake katika ofisi moja ya safari mjini, akamwambia, "Nisubiri hapa dakika mbili," na aliporudi akakuta marehemu amevuta kiti, amekaa nyuma ya karani, anatazama kompyuta ikijumlisha safu nzima ya hesabu kabla karani hajakunja kidole. Hakuondoka hadi ofisi ilipofungwa. Walipofika Sokon One akasema, "Shemeji, hiki kitu watoto wangu watakikuta kila mahali watakapokwenda. Nani atawaambia?" Akajiandikisha kozi ya jioni Kaloleni, akiwa na miaka arobaini na sita, darasa zima likiwa la mabinti wa uhazili waliomwita babu na kumwachia kiti cha mbele, na mwisho wa kozi alirudi na cheti na maumivu ya mgongo, na vyote viwili alikaa navyo hadi mwisho.

Shule haikuwa na kompyuta hata moja. Marehemu hakuona kama hiyo ni sababu. Mwaka 1995 aliwatoa Kidato cha Pili nje, akawapanga uwanjani, akawaambia, "Leo kompyuta ni ninyi." Msichana mmoja mwenye sauti kali akawa kibodi, kazi yake kutamka anachobonyezwa, hakuna zaidi, watatu wenye hesabu nzuri wakawa ubongo, wakiruhusiwa kujumlisha namba mbili tu kwa mara moja, wenye mbio wakawa waya, wakipeleka vikaratasi huku na kule, mmoja akasimama na chaki kwenye ukuta wa stoo akawa skrini, na Lesian, kijana wa Kisongo asiyependa kuongea, akawa kumbukumbu, anapewa namba anakaa nayo, hatoi mpaka aombwe. Sheria ilikuwa moja, hakuna kufanya usichoambiwa. Waya akijikwaa, kompyuta nzima inakwama, na darasa linatafuta kosa liko kwa nani, hatua kwa hatua, bila kumpiga mtu. Walimu wenzake waliokuwa wanachungulia dirishani walisema Kaaya sasa amerudi kwenye mchezo wa kombolela, lakini matokeo ya mtihani wa muhula, wastani wa kila mwanafunzi, yalitoka uwanjani kabla hayajatoka ofisini, na ya ofisini yalipotoka yalikuwa na makosa.

Siku moja ya Ijumaa kengele ililia kabla hawajamaliza, watu wakatawanyika. Jumatatu asubuhi Lesian alimfuata marehemu kwenye paredi, akasema, "Mwalimu, arobaini na saba." Marehemu akauliza arobaini na saba ya nini. Lesian akasema, "Ulinipa niitunze. Hakuna aliyeniambia niiache." Tangu siku hiyo anaitwa Memori, hata mke wake anamwita hivyo, na yupo hapa leo, amesafiri kutoka Dodoma anakofanya kazi ya mitambo ya simu, na Jumapili kwenye kikao aliposimama alisema maneno ambayo familia imeomba yaingie humu kama yalivyo: "Mimi nilifika chuo kikuu nikiwa sijawahi kugusa kompyuta, lakini nilikuwa nimeshawahi kuwa kompyuta. Wenzangu waliozoea kuzigusa ndio walioniomba niwaeleze inavyofikiri."

Habari za uwanja ule msomaji wenu alizieneza ndani ya gari, maana dereva wa watalii twiga wakipotea lazima awe na hadithi, na mwaka 1996 kundi moja la walimu kutoka ng'ambo lilikataa kuamini, likaomba lipelekwe Sakina badala ya kwenda kununua vinyago. Walisimama pembeni ya uwanja saa nzima. Walipofika kwao walichangishana, na tarehe 23 Septemba 1997 zikafika kompyuta kumi na mbili, zilizotumika lakini nzima, na lori lililozichukua bandari ya Tanga lilikuwa mikononi mwa msomaji wenu, aliyeendesha kama amebeba mayai ya askofu. Kutoka Tanga hadi Sakina hazikupata hata mkwaruzo. Zilizoshindikana ni zile hatua za mwisho, kutoka varanda ya ofisi ya Mkuu hadi mbele ya mtoto.

Hapa familia inataka isikike vizuri kwamba Mwalimu Philemoni ni mtu mwema. Katika shule aliyotoka ziliibwa cherehani zote kwa siku moja, akasimamishwa kazi nusu mwaka, akahojiwa kama mwizi, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka. Alizipokea kompyuta kwa machozi, akajenga chumba chenye nondo dirishani, akaweka kufuli tatu mlangoni, akaagiza mapazia, na wasichana wa sayansi kimu wakashona vitambaa vya maua vya kuzifunika, kitambaa kikubwa cha skrini na kidogo cha kibodi. Marehemu alipokwenda na ratiba ya vipindi, Mkuu akamwambia, "Subiri kwanza mgeni rasmi azizindue." Marehemu akauliza kama watoto wanaweza kujifunza wakati wanamsubiri. Mkuu akajibu, "Mwalimu Kaaya, hizi ni mali ya shule, si mali ya wanafunzi." Marehemu alirudi nyumbani na jibu hilo, akalirudia mezani mara kadhaa kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki, halafu akaacha kula.

Mgeni rasmi wa kwanza alizuiwa na mvua za El Nino, barabara ikakatika. Wa pili alihamishwa mkoa wiki moja kabla. Wa tatu alipata safari. Kila mara kikundi cha ngoma kilifanya mazoezi, mbuzi alitafutwa, mgeni hakuja, na mbuzi aliliwa na kamati ili asiharibike. Kibao cha ukutani kilichongwa na kufutwa jina mara mbili. Marehemu aliandika maombi, akaomba nafasi kwenye vikao vya bodi, akazungumza na wazazi, akaahidi kulala mlangoni yeye mwenyewe awe mlinzi, akaambiwa ana haraka. Wakati huo kila mwaka Kidato cha Nne kiliondoka na kingine kikaingia, na yeye akaendelea kuwapanga uwanjani, mita chache kutoka kwenye kompyuta za kweli zilizovaa vitambaa vya maua, hadi ikafika siku waya mmoja aliyekuwa anakimbia na kikaratasi akasimama dirishani, akatazama ndani kupitia nondo, akauliza, "Mwalimu, zile ni za nani?" Marehemu alisema katika miaka yake yote ya ualimu hilo ndilo swali pekee alilolikwepa.

Mwaka 1999 walimu wa ng'ambo waliandika kwamba wanapita kusalimia. Chumba kilifunguliwa, kikapigwa deki, viatu vikavuliwa mlangoni, wanafunzi kumi na wawili waliopiga pasi wakaketishwa mbele ya mashine zilizozimwa, wakaambiwa wakunje mikono, watabasamu, na wasiguse kitu. Mgeni mmoja mama wa makamo alimwinamia msichana wa Kidato cha Pili aitwaye Namnyaki, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kwenye kitabu, "Mnajifunza nini hapa?" Namnyaki akasimama, akajibu kwa adabu zote, "Tunajifunza kutozigusa."

Aliambiwa asirudi shule bila mzazi. Kesho yake asubuhi, kwenye benchi la wazazi walioitwa, baina ya baba aliyeitiwa utoro na mama aliyeitiwa sigara, alikutwa marehemu, ameketi, amevaa koti lake la harusi, kofia magotini. Mkuu akamwuliza anafanya nini pale. Akajibu, "Nimekuja kwa ajili ya Namnyaki. Alichojibu nilimfundisha mimi, maana ndicho tunachofundisha wote." Msichana akarudishwa darasani, na marehemu akapewa onyo, ambalo alilitundika jikoni, na Mama Paskalina akawa analifutia vumbi pamoja na picha ya ubarikio wa watoto.

Hatimaye tarehe 6 Juni 2003 mgeni rasmi alifika. Utepe ulikatwa, vitambaa vya maua vikaondolewa, swichi zikabonyezwa, na mashine kumi na moja hazikusema neno, panya walikuwa wameshahamia katika baadhi yake, na nyingine unyevu wa miaka sita ulikuwa umefanya kazi ambayo mwizi hakuifanya. Moja iliamka. Ilipiga kelele kidogo, ikawaza, ikaonyesha kwamba siku ile ilikuwa tarehe mosi Januari mwaka 1980. Mgeni rasmi akacheka, akauliza imekuwaje. Marehemu akamweleza kwamba ndani yake kuna kibetri cha kutunza tarehe, kikikaa bila kutumiwa hufa, na mashine husahau kila kitu na kuanza kuhesabu upya. "Kwa hiyo ni nzima?" akauliza mheshimiwa. "Ni nzima," akasema marehemu, "ila imepoteza muda." Watu wakapiga makofi. Marehemu hakukusudia makofi.

Wakubwa walipokwenda kula yule mbuzi, ambaye safari hii alikufa kwa haki, mlango ulibaki wazi, na marehemu akawaingiza Kidato cha Pili, viatu na vyote. Ilikuwa mashine moja kwa darasa zima, lakini hakuna aliyesukumana, kila mmoja alijua foleni ya uwanjani, na hakuna aliyeuliza ubongo uko wapi wala kumbukumbu inafanya nini, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshawahi kuwa kimojawapo. Waliandika, wakajumlisha, wakakosea, wakalitafuta kosa, wakalipata. Mtoto mmoja wa kike, kila alipobonyeza, alitamka herufi kwa sauti kama kibodi, akashangaa mashine nayo imeandika. Kipindi kile kilikwisha wageni waliporudi kutoka mezani. Jioni ile marehemu alikula ndizi sahani mbili, na mama hakuhitaji kuuliza kilichotokea. Kesho yake kufuli tatu zilirudi, kwa maelezo kwamba sasa chumba kimeshazinduliwa, kwa hiyo ni lazima kitunzwe zaidi.

Ndugu waombolezaji, kuna hasira ambayo mtu anaweza kuipigia kelele, na kuna hasira ya kugonga mlango ambao ndani yake hamna adui, ndani mna vitambaa vya maua. Hiyo ya pili ndiyo aliyoibeba marehemu, bila kumchukia mtu, hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2004. Baada ya kustaafu alijaribu kumfundisha msomaji wenu kompyuta kwa vitendo, kwenye mashine ya Allen, na mafanikio yake mmeyasikia mwanzoni.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2002, akaishi nacho kwa nidhamu, akitembea asubuhi hadi Kaloleni na kurudi, lakini mwezi Mei mwaka huu wa 2006 figo zilianza kushindwa, na tarehe 21 Agosti alilazwa hospitali ya mkoa. Kila aliyekwenda kumwona kutoka upande wa Sakina aliulizwa swali moja kabla hata ya kukaa: "Wamefungua?" Wengine walidhani homa imepanda. Msomaji wenu, akitaka kumfariji, siku moja alisema, "Wanakaribia, shemeji," na marehemu akamtazama kwa huruma, akasema, "Nakujua wewe. Ukisema tunakaribia, ndiyo kwanza tuko Korogwe." Jumatano jioni ya tarehe 13 Septemba alimwuliza mkewe, "Wamefungua?" Mama hakuwahi kumdanganya tangu zile sehemu za Marangu, akasema, "Bado." Akasema, "Basi nitauliza kesho." Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2006, alitutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Paskalina.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, waliomhudumia bila kuchoka na kumvumilia alipokuwa akiwafungulia na kuwaeleza mashine zao. Majirani wa Sokon One, hasa Mzee Loishiye, aliyeleta kuni, maziwa, na kicheko kile cha Jumapili ambacho kwa kweli tulikihitaji. Baba Mchungaji, na Padre aliyeketi naye benchi moja leo, jambo ambalo marehemu angelilinganisha kwenye chai. Walimu wenzake, waliokuja wote, na wanafunzi wake wa uwanjani, waya, ubongo, kibodi na kumbukumbu, mliotoka mbali na kujipanga wenyewe kubeba jeneza bila kuambiwa na mtu. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na msomaji wenu akijaribu atachanganya majina, ameshathibitisha.

Mwalimu, kipindi chako kimekwisha na kengele tumekugongea sisi, lala salama, na huko uliko malango yawe wazi mchana na usiku.

Limebaki jibu. Mkuu, juzi ulituambia kwamba kibao chenye jina la marehemu kimeshachongwa, kwamba atatafutwa mgeni rasmi wa kukizindua, na kwamba kwa heshima ya marehemu chumba kitabaki kimefungwa hadi siku hiyo. Msomaji wenu alimwandalia mama majibu matatu ya kuchagua, yenye shukrani, methali na mstari wa Zaburi. Mama aliyasoma yote, akayakunja, akayatia mfukoni mwa koti la kaka yake, akasema lake liandikwe kama lilivyo, lisiongezwe kitu:

"Kibao akiache. Alete funguo."